Mashine Iliyotazamwa Mno

"Hivi jirani, mwanao analipwa kwa kutazama tu?"

Aliyeuliza ni mshonaji wa nyumba ya pili, siku alipokuja kumpima Mama Shukrani gauni. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akikunja pindo, na kila alipoinua kichwa alimkuta binti wa mwenye nyumba vilevile: kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, macho kwenye skrini nyeusi iliyojaa vijinyota vyeupe. Haandiki, haongei, hacheki. Anatazama.

"Ndiyo, analipwa kwa kutazama," Mama Shukrani akamjibu. "Kama wewe unavyolipwa kwa kuchoma watu pini."

Mshonaji akacheka mpaka pini ikamponyoka. "Basi mwambie anitazamie na cherehani yangu. Inakula uzi kama mbuzi."

"Ilete," binti akasema bila kugeuka. "Ila na wewe uvae miwani. Nasikia mkono mmoja wa gauni la yule bibi harusi ulikuwa mrefu kuliko mwenzake."

Wakacheka wote watatu. Siku hizo nyumba ile bado ilikuwa na kicheko.

Binti alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali kubwa ya upande wa pili wa mji. Zamani alikwenda kazini kwa miguu yake. Kisha siku moja, akipitisha waya juu ya dari ya maabara, ngazi ikateleza, akaanguka chali, na tangu hapo miguu haikumsikia tena. Alilala miezi mingi akiwa ameuelekea ukuta. Hakutaka kuchanwa nywele, hakutaka dirisha lifunguliwe. Akiulizwa atakula nini alisema chochote, na hicho chochote kikarudi jikoni kama kilivyokwenda. Mama Shukrani alikuwa amezika mume na hakuvunjika, lakini mgongo ule wa mwanawe, na ule ukuta, vilimtisha kuliko kaburi.

Aliyemgeuza binti kutoka ukutani ni Mkuu wa Maabara. Wakubwa wa hospitali walikuwa wameshaandaa maneno ya pole na ya kwaheri kwa pamoja. Mkuu akasimama kikaoni akawaambia kwamba mashine haitazamwi kwa miguu, inatazamwa kwa macho na vidole, na vyote viwili binti anavyo. Akasema yeye mwenyewe atamdhamini. Basi kompyuta ikaletwa nyumbani, mtandao ukavutwa mpaka sebuleni, na asubuhi ya kwanza ya kazi binti akaomba kitana.

Mashine yenyewe aliyoitazama haikuwa pale sebuleni. Ilikuwa hospitali, kwenye chumba kidogo chenye baridi nyuma ya maabara. Seva, ndivyo walivyoiita, na ilikuwa inaendeshwa na Linux, mfumo unaotii amri za kuandikwa. Majibu yote ya vipimo yalipita humo kabla ya kufika wodini: ya damu, ya mkojo, ya makohozi. Binti aliandika amri fupi hapa, seva ikajibu kule, na jibu likarudi kwenye skrini kwa herufi tupu, bila picha wala kitufe cha kubonyeza.

"Mbona wenzako kompyuta zao zina rangi?" mama yake alimuuliza mwanzoni.

"Rangi zinakula nguvu, mama. Herufi hazili kitu."

Amri moja Mama Shukrani aliipenda. Binti aliandika uptime, na seva ikasema imekaa macho kwa muda gani tangu iwashwe, na mzigo wake ukoje. Mzigo ulikuja kwa namba tatu zilizopangana: wa dakika iliyopita, wa dakika tano, wa dakika kumi na tano. Ya kwanza ikizidi ya mwisho, mambo yanapanda. Ikiwa chini yake, yanashuka. Mama aliiita ile ya kujulia hali. Kila asubuhi akileta chai aliuliza, "Mgonjwa wako ameamkaje?" na binti akaandika neno lile, wakasoma pamoja, vichwa vimekaribiana. Mama alikuwa na elimu ya msingi tu, lakini kujua kilichopanda na kilichoshuka hakukumshinda.

Na jina lake la Mama Shukrani hakupewa bure. Tangu mwaka aliofiwa alikuwa na ahadi yake na Mungu: jema lolote likiingia nyumbani mwake, dogo au kubwa, hataacha jua lizame bila kulisema mbele ya mtu. Shukrani ya kimoyomoyo kwake ilikuwa nusu shukrani, kama kumshukuru mtu ukiwa umempa kisogo. Homa ikishuka, alimwambia muuza mkaa. Bomba likitoa maji, alimwambia mpita njia asiyemjua. Mtaa ukampa jina hilo, wengine kwa heshima, wengine kwa kumkebehi, na yeye akaliitikia bila kuuliza nani ni nani.

Shida ilianza na ripoti. Mchana mmoja karani wa uhasibu aliitaka seva imjumlishie hesabu za mwaka mzima kwa mpigo, na seva ikazama humo kama mtu aliyezama kisimani, haimsikii mwingine yeyote. Wauguzi wakabaki wanasubiri majibu ya damu. Binti aliona namba zikiruka, akapiga simu, karani akaiacha ripoti yake, seva ikatulia. Siku hiyo kosa lilikuwa la karani kweli, hakuna aliyebisha, hata karani mwenyewe.

Ila binti hakuridhika. Alitaka siku nyingine aione shida ikiwa bado njiani. Akatengeneza ndani ya seva kijiprogramu alichokiita kibarua. Kibarua huyu aliamka kila baada ya muda mfupi, akapima mzigo wa seva, nafasi iliyobaki, na jinsi diski inavyohangaika, akaandika namba zake kwenye mstari mmoja. Kisha akachora mchoro mzima kwa vijinyota: chini saa zinakwenda, juu mzigo unapanda. Mchoro ukaja kutokea sebuleni, vilima vya nyota kwenye giza. Mshonaji alipouliza swali lake, kibarua alikuwa mgeni kabisa kazini, na vilima vyenyewe vilikuwa vifupi.

Havikukaa vifupi. Taratibu seva ikaanza kuchechemea. Kwanza ilichelewa kidogo nyakati za mchana, uhasibu wakiwa kazini. Kisha ikachelewa asubuhi. Kisha ikawa muuguzi anabonyeza kupata jibu, anakwenda kumgeuza mgonjwa, anarudi, na jibu bado halijafika. Maabara wakaanza kuandika majibu kwa mkono na kuyakimbiza wodini, karatasi zikapotea, mgonjwa mmoja akapimwa damu ileile mara mbili, akasema hapa mnataka kunimaliza. Simu ya binti ikawa haitulii.

Naye akazidi kutazama. Alimwagiza kibarua apime mara nyingi zaidi, achore mara nyingi zaidi. Alilinganisha kilima cha leo na cha jana. Chai ikapoa na kuota ngozi juu. Mama yake akimsogeza kiti ili jua lisimpige usoni, binti alisema asante kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine.

"Unaona nini humo ambacho hakikuoni?" mama alimuuliza siku moja.

"Namtafuta anayenisumbua."

"Umempata?"

"Ni uhasibu. Tazama, mama. Kila wakifungua ofisi, mstari unapanda."

Mama Shukrani akatazama, akaona kweli unapanda. Hakuona kingine, na hakukuwa na sababu ya kutafuta kingine. Mwanawe ndiye fundi.

Ndipo wakubwa wa hospitali wakaanza kuitaja Kampuni. Kampuni hiyo ilikuwa tayari kuichukua kazi yote: kuweka mashine zake mbali huko, kuzitazama kwa watu wake, na kuileta huduma kwa waya kama umeme. Hapangekuwa tena na haja ya fundi wa dirishani. Kikao cha kuamua kikapangwa Ijumaa. Mkuu wa Maabara akampigia binti simu, na binti akaiweka kwa sauti ya juu kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kibodi.

"Dada, nisikilize vizuri," Mkuu alisema. "Wanasema seva imezeeka na aliyeishika hawezi. Mimi nimesema hapana, tatizo ni ripoti za uhasibu. Nimelisema mbele ya watu na karani nimemtaja."

"Ndivyo ilivyo, Mkuu. Namba zinaonyesha."

"Basi nipe mchoro. Nikiwa na mchoro mkononi, hakuna wa kukugusa. Bila mchoro sina la kuwaambia. Nitapita kwako Ijumaa mchana nikienda kikaoni, nauchukua mwenyewe."

Wiki hiyohiyo karani wa uhasibu akaondolewa kwenye kompyuta, akapelekwa stoo ya magodoro kuhesabu mashuka na kubeba vitanda vilivyovunjika. Mtu wa makamo, mwenye miwani mizito na kifua kibovu. Mama Shukrani hakumjua kwa sura. Alijua tu kwamba kizuizi kimeondoka, na jioni kwenye kikundi cha sala akasimama akatoa shukrani kwamba Mungu amemtoa adui mlangoni pa mwanawe. Wenzake wakaitikia.

Binti aliposikia alikunja uso. "Mama, si adui. Ni mtu wa ripoti."

"Mtu wa ripoti aliyekutoa jasho."

"Hata hivyo."

Ila kulikuwa na jambo ambalo binti hakumwambia mtu. Karani ameondoka, ripoti zimesimama, na kilima hakikushuka. Kiliendelea kupanda vilevile, kwa hatua zilezile. Alikaa mbele yake akiuma ukucha wa kidole gumba. "Labda yuko mwingine," alisema, si kwa mama yake.

Ijumaa asubuhi Mama Shukrani alileta chai kama kawaida. "Mgonjwa wako ameamkaje?"

Mkono mmoja wa binti ulikuwa mdomoni. Skrini haikuwa na nyota. Ilikuwa na orodha ndefu ya mistari inayofanana, mstari juu ya mstari, inajaa mpaka chini na kuendelea.

"Mama," akasema baadaye kidogo, "nilikuwa nimejificha."

"Umejificha wapi, mwanangu? Si uko hapa."

"Seva ikiniorodheshea nani anafanya kazi gani, nilikuwa nimeiambia isinitaje mimi. Tangu mwanzo. Nilitaka niwaone wengine tu, orodha isijae vitu vyangu. Leo nimesema basi, initaje na mimi." Akaelekeza kidole kwenye mistari. "Hii yote ni mimi."

Mama akainama kutazama. Hakuelewa, na binti akaona hakuelewa, akashusha pumzi.

"Kibarua wangu, anafanya kazi kwa jina langu. Kila akiandika namba mpya, anachora mchoro wote upya kuanzia namba ya kwanza kabisa. Ni kama umekaa unafua, kila nguo chafu moja ikiletwa, unarudia kufua zote tangu ile ya mwanzo. Siku za kwanza nguo zilikuwa chache, akamaliza haraka. Sasa ni lundo. Hajamaliza, muda wa kuchora unafika, anaitwa kibarua wa pili, naye anaanza zote. Hawajamaliza, wa tatu. Wamejaa humo ndani, wanagombania beseni moja. Na mimi kila nikiona seva inaelemewa, nawaita wengine waje kuitazama."

"Sasa?"

"Sasa nawatoa."

Akaandika mstari mmoja, akabonyeza. Orodha ndefu ikakatika kama kamba. Akaandika lile neno la kujulia hali, akangoja, akaliandika tena. Namba ya kwanza ilikuwa chini ya ya pili, ya pili chini ya ya tatu. Mara nyingine alipoliandika, ya kwanza ilikuwa imeshuka hadi karibu na hakuna. Simu ikalia, ilikuwa ni muuguzi wa wodi ya wazazi, anauliza wamefanya nini huko, mbona majibu yanakuja kabla hajainua mkono.

"Imepona?" Mama Shukrani akauliza.

"Imepona."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

Mama Shukrani akainua mikono yote miwili, kitambaa cha jikoni kikiwa begani. Macho yake yalijaa. Siku zote zile alikuwa amepiga magoti kuiombea mashine ambayo hajawahi kuigusa, na ona. Binti yake alikuwa amefunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, na mama akamshika kichwa akakiegemeza tumboni mwake. Alidhani ni yale machozi ya mtu aliyefika salama. Kama angemtazama usoni angejua, lakini uso ulikuwa umefunikwa.

Baadaye, akichambua mchele mlangoni, alimwona binti amerudi kazini. Alikuwa anautengeneza mchoro wa kumpa Mkuu. Akauita wote, pamoja na namba alizopima mwenyewe leo, ukatokea: kilima kirefu, kisha pale mwisho, asubuhi ya leo, poromoko la ghafla kama ukuta uliobomoka. Binti akaukodolea macho. Akaandika kitu. Ukatokea tena, na safari hii uliishia jana, juu kabisa ya kilima. Akauchapisha huo. Mama Shukrani alifikiri anakata nyuzi zinazoning'inia, kama mshonaji anavyofanya kabla ya kumkabidhi mtu nguo yake.

Mkuu wa Maabara alikuja mchana, shati limepigwa pasi, begi la karatasi kwapani. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani, kaa hapo penye upepo. Habari za wagonjwa?"

"Leo hawajambo, mama. Leo hata sisi hatujambo." Akamgeukia binti, akicheka. "Dada, seva imeamka vizuri, sijui umeitia nini. Watu wa uhasibu wataanza kusema haikuwa inaumwa."

"Mchoro huu hapa," binti akasema. Alimpa ile karatasi bila kumtazama.

Mkuu akaishika mbali kidogo na macho, akafuata kilima kwa kidole. Alifurahi waziwazi, kama mtu aliyepewa rungu njiani. "Hapa ndipo wanapofungua ofisi?"

"Ndiyo."

"Na hapa tena?"

"Hapo pia wako kazini."

"Safi. Leo nitawafunga midomo. Wakisema Kampuni, nawawekea hii mezani. Dada, utakaa hapa dirishani mpaka uote mvi."

Binti akatabasamu kwa mdomo tu. Alikuwa amekamata mkono wa kiti chake, vidole vimepauka. Mama Shukrani alikuwa anaingia na sinia la chai, na maneno yale ya mpaka uote mvi yakamwingia moyoni moja kwa moja. Jua lilikuwa bado juu. Mtu alikuwa mbele yake, tena mtu mwenye haki ya kusikia kuliko wote. Akaweka sinia mezani, akasimama wima, mikono mbele.

"Baba, kabla hujanywa, niruhusu nimshukuru Mungu mbele yako."

"Mama, chai itapoa," binti akasema.

"Haipoi. Baba, wewe ulimgeuza mwanangu kutoka ukutani, na Mungu leo amekulipa. Asubuhi hii mimi nimeshuhudia. Mwanangu alikaa akatafuta, akatafuta, mpaka akamwona aliyekuwa anaielemea ile mashine. Kumbe ni wale vibarua wake wa kuchora, wamejaa humo hawana hata pa kukanyaga. Akawazima wote kwa mstari mmoja. Na palepale, baba, nikiwa nimesimama hapo, mashine ikapona. Namba zikashuka. Muuguzi akapiga simu hajaamini. Nasema hivi..."

Hapo akaona macho ya mwanawe.

Hakuwahi kuyaona hivyo hata siku ile ya ngazi. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanamwomba kitu ambacho tayari kilikuwa kimekwisha kutoka. Mama Shukrani akabaki mdomo wazi, sentensi yake imekatikia katikati.

Mkuu alikuwa amekwisha weka kikombe chini. "Vibarua gani, mama?"

Nje mtu alikuwa anapita akivuta mkokoteni.

"Mimi mzee, baba," Mama Shukrani akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Mimi sijui mambo ya mashine. Nimesikia vibaya tu."

Miaka yote ya ujane wake hakuwa amesema uongo mbele ya mgeni, na huu aliusema vibaya, kama mtu anayeongea lugha asiyoijua. Hata yeye aliusikia.

"Acha, mama," binti akasema. Akamgeukia Mkuu. "Ni kweli. Si uhasibu. Siku ya kwanza walikuwa wao, lakini zote zilizofuata nilikuwa mimi. Kipimo changu ndicho kilichoifanya seva iugue. Nilijiondoa kwenye orodha, sikujiona."

"Karani wa watu..." Mkuu alianza. Akaanza tena taratibu. "Nilisimama nikamtaja kwa jina. Alivua miwani akaifuta, akatoka. Jana nimemkuta korido anavuta kitanda, anakohoa. Nikapita kama sikumwona."

"Mkuu, sikujua."

"Uligundua lini?"

"Leo asubuhi."

Akaitazama karatasi iliyokuwa bado mkononi mwake. Akafuata kilima kwa kidole tena, mpaka kilipoishia, kileleni, pasipo na mteremko.

"Na hii uliichapisha lini?"

Binti akaitazama ile karatasi. Mama Shukrani alitamani aseme jana. Alijikuta anamwomba Mungu, yeye, kwamba mwanawe aseme jana.

"Baada ya hapo," binti akasema.

Mkuu akatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kwa namna ya mtu anayepima uzito wa kitu. "Kosa ningelibeba, dada. Ningesimama mle ndani nikasema fundi wetu amekosea, amejua, amerekebisha. Wangenicheka, ningevumilia. Lakini wewe ungeniacha niingie na hii. Ningeiweka mezani, nikala kiapo juu yake."

"Ningepoteza kazi."

"Ndiyo."

"Mkuu, mimi bila hii..." Alitazama magoti yake, yamefunikwa kanga, yametulia kama magoti ya mtu mwingine.

Mama Shukrani akasogea. Alikuwa mwanamke asiyebembeleza watu. Hata msibani hakubembeleza. Sasa alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Baba, nisikie na mimi. Si mashine imepona? Si hicho ndicho mlichokitaka? Karani arudishwe mezani kwake, mimi mwenyewe nitakwenda nimpigie magoti, maana nilimwombea mabaya. Na huyu mumchukulie kama mtoto aliyeteleza. Wewe unajua alivyokuwa. Ulimwona. Kazi hii ndiyo inayomtoa kitandani, baba. Si mshahara. Mshahara nitafulia watu."

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, macho chini, kwa adabu. Ilikuwa adabu ileile aliyoivulia viatu, na hapo Mama Shukrani akajua ombi lake halitapita. Angekuwa amekasirika angejua pa kumshika.

"Watauliza mchoro uko wapi, mama," akasema. "Nitawaambia nini?"

Binti alinyoosha mkono, akataka kuichukua ile karatasi. Mkuu hakumpa mkononi. Aliiweka mezani, karibu na kikombe cha chai isiyonywewa, akaunyoosha mkunjo wake kwa kiganja kama mtu anayeitunza. Kwenye skrini kistari kilipepesa kwenye giza tupu, kinangoja amri. Simu ikaita, ikaendelea kuita, binti hakuipokea. Mama Shukrani alitafuta neno la sala, lolote, akakuta yote yanaanza na asante.

Mkuu wa Maabara akachukua begi lake, akaliweka kwapani. Akainama mlangoni, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akatoka kwenda kikaoni bila mchoro.